Kishikwambi Hakikwangui Gome

Vijana wangu wa ugani, siku ile ya kuagana mliniomba niseme neno, nikawaambia nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa na jambo moja ambalo sikutaka kulisema mbele ya wageni, na jambo lenyewe halieleweki bila mengine yaliyolitangulia. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara hauna siri kwa sababu ni uleule mnaoupata ninyi.

Jina langu mnalijua, ni Mwanaidi, ingawa wengi mmeniita Mama Zuhura, na wakulima wameniita bibi shamba tangu nina miaka ishirini na minne. Nilizaliwa Kondoa, kwenye mtama na uwele, mahali ambapo mvua ikinyesha mara mbili kwa wiki watu hutoka nje kuiangalia. Barua ya kupangiwa kazi iliponiambia niende Mbinga, ilibidi nitafute ramani. Kahawa nilikuwa nimeiona kwenye kikombe na kwenye kitabu cha chuo. Kwenye mti, sikuwa nimewahi.

Nilifika Mbinga mwezi wa sita, juu ya lori la chumvi na mabati kutoka Songea, nimevaa ndara. Aliyenifundisha kwamba mwezi wa sita milima ile, kwa baridi yake, haitaki ndara ni vidole vyangu mwenyewe. Kwenye stendi alinisubiri mwanamume mfupi aliyeshika baiskeli, kavaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo. Huyo alikuwa Mzee Otmari, bwana shamba wa Mpepai, ndiye niliyepangwa kufanya naye kazi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hayo makubazi yako umekuja nayo kwa kusudi?"

Nyumba ya mtumishi ilikuwa haina paa, kwa hiyo nilikaa kwake miezi minne. Wao Wakatoliki wenye nguruwe bandani, mimi Mwislamu. Siku ya pili mkewe alikwenda sokoni akarudi na sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini wake. "Hii ni ya kwako," akasema. "Humu hakijaingia kitu wala hakitaingia." Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nimehudhuria mafunzo mengi ya kuishi na jamii, lakini yote hayakufikia sufuria ile.

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya kabla ya wiki kwisha. Nilikuta wakulima wanachimba ngoro, yale mashimo mnayoyajua, wamelaza majani kwa mistari ya kukatana, wakayafunika udongo, mlima mzima ukawa kama sega la nyuki. Chuoni nilifundishwa matuta. Nikasimama mbele ya kina mama kumi na wawili wenye majembe, nikawaeleza kwamba njia yao ni ya kizamani, nikawachorea matuta kwa fimbo ardhini. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza walisema asante, wakaendelea kuchimba ngoro. Jirani mmoja tu, mtu mpole asiyependa kumkatalia mgeni, alilima matuta kama nilivyosema. Mvua za mwezi wa pili zilipokuja, matuta yake yaliteremka bondeni na mahindi juu yake, na ngoro zote zikabaki mahali pake zimejaa maji kama bakuli.

Mzee Otmari hakunigombeza. Alinipeleka kwa yule jirani tukapanda upya pamoja, siku tatu, tope mpaka magotini. Tulipomaliza akaniambia, "Sasa unaweza kuanza kazi. Usimshauri mtu kabla magoti yako hayajachafuka shambani kwake." Kisha akanipa vitu vitatu: daftari la jalada gumu, kioo cha kukuzia chenye ufa, na kisu kidogo cha mpini wa mti. Alinionyesha namna ya kukwangua gome la mti wa kahawa, kidogo tu, chini karibu na udongo, ili kuona rangi ya mti ndani. Alisema majani yana tabia moja mbaya: yakipata kiu, yakipata maji mengi, yakipata mdudu, yakipata ugonjwa, hulegea namna moja. Ukitaka kujua kilichotokea, shuka chini.

Kisu kile kilikata magome mengi. Nilikibeba Mpepai miaka tisa, nikashuka nacho Lundo nilipohamishiwa ziwani, ambako hakukuwa na kahawa bali mihogo na mpunga, na watu walionichekesha kwa kuniuliza mbona bibi shamba hajui kuogelea. Huko nilimzaa Zuhura, na huko nilijenga nyumba yangu ya vyumba vitatu. Wakati huo ziwa na milima bado vilikuwa wilaya moja, na kabla havijagawanywa nikarudishwa tena juu, Mpepai ileile. Mzee Otmari alikuwa amekwisha kufariki. Nilirudi nikiwa mimi ndiye mtu mzima wa kata, na nikaletewa kijana wa kufanya kazi naye. Binti huyo ni Winfrida, mwenyeji wa Mbuji, mnamfahamu nyote. Alikuja na shahada, na buti. Hakuwa na ndara. Nikajua huyu atafika mbali.

Halafu vikaja vishikwambi.

Tuliitwa mjini Mbinga, tukakaa ukumbini siku mbili, kila mmoja na chake mbele yake kama watoto wa darasa la kwanza na vibao. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Akasema tuguse kioo. Nikagusa, hakikufunguka. Nikagusa tena. Akaja akaangalia kidole changu, akakigeuza, akasema, "Mama, ngozi yako imekauka sana, kioo hakikusikii." Nilitamani kumjibu kwamba ngozi imekauka kwa kazi ambayo kioo kimeletwa kuisaidia, lakini nikaendelea kugusa. Winfrida alinifundisha kulowesha kidole kwenye kitambaa. Baadaye nikazoea kubonyeza kwa wepesi; mwanzoni nilikuwa nakibonyeza kama naua kupe.

Na nikakipenda. Naomba hilo lieleweke, maana wazee wengi tukistaafu hupenda kusema vitu vipya ni vibaya. Kabla ya hapo nilikuwa naandika taarifa moja mara tatu: daftarini, kwenye fomu, na kwenye nakala ya fomu, kisha naipeleka mjini kwa miguu au kwa lifti ya gari la mbao. Sasa nilitembea mpakani mwa shamba na kishikwambi mkononi, nikimaliza kuzunguka ramani imejichora. Nilikihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na sukari, mvua isikiguse. Juani nilijifunika kanga kichwani mimi na kioo pamoja, kama mpiga picha wa zamani. Chaji niliipata kwenye kibanda cha kinyozi mwenye sola, na kinyozi alikuwa akikipa kipaumbele mbele ya simu za watu kwa sababu, alisema, hiki ni cha mazao.

Wakulima nao walikipokea kwa namna yao. Niliposema nitawapiga picha za usajili, walikuja wamevaa nguo za Jumapili. Mzee mmoja alikataa kupigwa bila ng'ombe wake. Nilimweleza kwamba usajili ni wa kahawa tu. Akasema, "Na samadi inatoka wapi?" Nikampiga na ng'ombe.

Ndani yake kulikuwa na programu nyingine, iliyoletwa baadaye. Unapiga picha ya jani, inakuambia ugonjwa. Niliijaribu kwa kutu ya majani, ikajibu sawa. Nikaijaribu kwa madoa ya majani, sawa. Mara kumi, ishirini, sawa. Kioo cha kukuzia nikakiweka kabatini. Kisu nacho, siku moja, kilinichoma pajani kupitia mfuko wa sketi. Nikakitoa nikakiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko, na huko kikakaa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimekazana. Mama Skolastika Kinunda alituma ujumbe kwamba kahawa yake inakufa. Mama Skolastika alinizidi miaka kumi hivi, na tulijuana tangu zamani. Alikuwa mmoja wa wale kina mama kumi na wawili wenye majembe. Mumewe, Kasiani, alifariki miaka michache kabla, naye alizikwa mwisho wa shamba, chini ya safu za mwanzo alizozipanda mwenyewe. Miti mia tatu na zaidi kidogo. Mama yule hakuwa na shamba jingine la kahawa.

Nilifika kama saa nne asubuhi, peke yangu, kwa sababu Winfrida alikuwa na kikao. Nilichokiona kilinishtua. Upande wa chini wa shamba majani yalikuwa ya manjano, yamelegea, mengine yamekauka mtini bila kuanguka, na manjano yale yalikuwa yanapanda mlima safu kwa safu. Nikapiga picha jani. Programu ikafikiri. Ikaandika: mnyauko. Ikaandika ina uhakika mkubwa. Nikapiga jingine, la safu nyingine. Mnyauko.

Mnajua maana ya neno hilo. Ni ugonjwa ambao kwetu haukuwa umeonekana, tuliusoma tu, na dawa yake ni moja: ng'oa, choma papo hapo, usipande tena mahali hapo kwa miaka. Na hung'oi miti ya mtu mmoja tu. Unaangalia na ya jirani. Nikafungua fomu ya taarifa ya dharura, nikajaza jina, kata, idadi ya miti, nikaambatisha picha, nikabonyeza *Tuma*. Kale kaduara kakaanza kuzunguka, maana mlimani pale mtandao haupo. Nikajua itajituma yenyewe nikifika penye mtandao.

Kisha nikamwambia Mama Skolastika. Nilimwambia vizuri, kwa sauti ya chini, kama tulivyofundishwa kutoa habari mbaya.

"Mama, nasikitika. Itabidi ing'olewe yote na kuchomwa."

Alikuwa ameshika jembe. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliangalia kishikwambi, akaniangalia mimi, akauliza, "Kisu chako kiko wapi?"

"Kisu gani?"

"Zamani ulikuwa unakuja na kisu. Wewe na marehemu Otmari. Mlikuwa mnapiga magoti."

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilimjibu kwa ukali kidogo. Nikasema, "Mama Kinunda, siku hizi hatukati miti ya watu hovyo. Tunapiga picha." Magoti yangu yalikuwa safi kabisa. Nilikuwa nimevaa sketi niliyoipiga pasi.

Kisha akanikaribisha chai, nikanywa haraka, nikaaga. Alinisindikiza mpaka penye migomba, akasema, "Usipite njia ya juu, imeharibika na mvua. Pita bondeni." Njia ya bondeni ni ndefu na ina matope, lakini nikamshukuru, nikapita bondeni.

Nilifika ofisini mchana umepinduka, nimechoka. Winfrida alikuwa amerudi. Nikamweleza, nikiwa na huzuni ya kweli lakini, niseme ukweli, na kiburi kidogo pia, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nimeugundua ugonjwa mpya. Alipokea kishikwambi akaangalia picha. Akazikuza kwa vidole viwili. Akazikuza tena.

"Mama Zuhura, gome lilikuwaje?"

"Gome?"

"Ulikwangua? Ndani kulikuwa na michirizi ya kahawia?"

Nikapapasa mfuko wa sketi.

"Na mizizi?"

Hata mizizi sikuwa nimeitazama. Winfrida akakaa chini. Alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumkosea mkubwa, "Mama, hii programu inajua majani tu. Haijui kwamba shamba liko mteremkoni, haijui mvua imenyesha wiki tatu. Mti unaoumwa na mti uliozama maji, majani yake…"

"Hulegea namna moja," nikamalizia. Maneno ya Mzee Otmari yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, nikayasikia kama yanasemwa na mtu mwingine.

"Taarifa umeshaituma?"

"Nimebonyeza."

Tuliangalia kioo wote wawili. Kaduara kalikuwa bado kanazunguka. Mtandao wa ofisi ile mnaujua, huja na kuondoka kama paka. Na wakati tunaangalia, pembeni juu kikajitokeza kijistari kimoja cha mtandao. Kisha cha pili.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Nazima wapi? Kimekwama!"

"Zima chochote!"

Winfrida akavuta kioo kutoka juu, kidole kikateleza, akavuta tena, akagusa kile kialama cha ndege. Vijistari vikatoweka. Kaduara kakasimama. Chini yake kukaandikwa: *Haikutumwa.*

Nimewahi kusoma maneno mengi mazuri maishani, ya dini na ya dunia. Siku ile neno lile moja lilinifanya nikae sakafuni. Winfrida akakaa nami, mgongo ukutani, buti zake mbele yake, kishikwambi kati yetu kama mtoto aliyenusurika kuanguka kisimani. Mtendaji wa kata alipita mlangoni akatuuliza kama kuna msiba. Tukasema hapana, bado.

Taarifa ile ingefika, asubuhi lingefuata gari. Hilo nilikuwa nalijua, maana utaratibu ule ulikuwa unataka haraka, na haraka kwa ugonjwa ule ni sahihi. Wangekuja watu wenye mapanga na mafuta ya taa, wangekuwa wanatekeleza nilichowaambia mimi, na hakuna hata mmoja ambaye angepiga magoti kwa sababu mtaalamu alikwisha kupita.

Kesho yake alfajiri nilifungua droo ya jikoni, nikatoa kisu chini ya vijiko. Kilikuwa na kutu. Nikakinoa kwenye jiwe la mlangoni, nikavaa sketi ya zamani, tukaondoka na Winfrida. Tulipofika tulimkuta Mama Skolastika shambani tayari, na jembe, ameshaanza kuchimba pembeni ya mti mmoja wa safu ya chini. Alituangalia, akaona kisu mkononi mwangu, akasogea akanipisha.

Nikapiga magoti. Nikakwangua gome chini karibu na udongo. Ndani palikuwa peupe, safi, kama muhogo uliomenywa. Hakuna mchirizi. Nikaenda wa pili, wa tatu, wa nane. Peupe. Winfrida alikuwa anachimba pamoja na mwenye shamba, na walipofika kwenye mizizi harufu ikatupata puani, ile harufu kali ya kitu kilichooza majini. Mizizi ilikuwa myeusi, ngozi yake inabambuka kwa kidole. Na shimo, tukiwa tunaliangalia, likaanza kujaa maji kutoka pembeni.

"Maji haya yanatoka wapi?" Winfrida akauliza. "Hapa ni mlimani."

Tukapanda kuyafuata. Juu ya shamba, nyuma ya migomba, tulikuta barabara ya kijiji iliyotengenezwa kiangazi kilichopita. Greda lilikuwa limechonga mtaro mzuri kabisa, ulionyooka, ambao ulikusanya maji ya mlima mzima na kuyaleta mpaka kwenye migomba ya Mama Skolastika, ukaishia hapo. Maji hayakuonekana yakipita juu. Yaliingia ardhini palepale na kutokea chini, kwenye mizizi ya kahawa. Ugonjwa wangu mpya ulikuwa mtaro.

Niliwaacha pale nikajitenga katikati ya migomba nikalia. Si kwa huzuni. Ni ile hali ya mtu aliyekoswa na gari, akavuka salama, kisha miguu ndiyo inamwishia ng'ambo. Niliporudi Mama Skolastika alikuwa amekaa kwenye ukingo wa ngoro, anafuta jembe kwa majani.

"Mama, nisamehe," nikamwambia. "Jana nilikujibu vibaya. Na taarifa nilikuwa nimeshaibonyeza. Ni Mungu tu aliyezuia."

"Mungu na mimi," akasema.

Sikumwelewa.

"Njia ya juu haikuharibika. Ina mtandao pale kwenye jiwe, vijana wote hupanda pale kupiga simu. Mwanangu akinitafuta huniambia nipande pale. Nikasema, huyu akipita juu, kidude chake kitaongea na watu kabla hakijafikiri. Nikakupitisha bondeni, kipate muda."

Winfrida alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi pia nilicheka, ingawa yangu ilichelewa kidogo.

Mwenyekiti wa kijiji aliita watu, ikachimbwa njia ya maji ya kukinga shamba na kuyapeleka mtoni. Siku tatu, watu kama ishirini, togwa ikiwa inapikwa pale pale. Nami nilichimba, na mikono yangu ikarudia ukavu ambao kioo hakiupendi. Miti kumi na tisa ya chini ilikufa, mizizi ilikuwa imekwisha. Iliyobaki tuliikata matawi kuipunguzia mzigo, tukasubiri. Kila mwezi nilipita kupiga picha mti uleule, mahali palepale, na kila mwezi nilimwonyesha Mama Skolastika picha za nyuma. Baada ya miezi minne tulipofungua picha zote kwa mfululizo, aliona kijani kinashuka mlima safu kwa safu, njia ileile ambayo manjano yalipandia. Akachukua kishikwambi kwa mikono miwili, akakaa nacho muda mrefu. "Hii kazi," akasema, "kinaiweza."

Ndiyo, kinaiweza. Ile taarifa Winfrida aliifuta, na badala yake akawatumia wenye programu picha za mizizi na maelezo ya kurasa mbili, ya ukali wa adabu. Kwa mkuu wangu sikusema kwamba nilikuwa nimebonyeza. Nilisema tumekuta maji yametuama, tumeyaondoa. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Miaka iliyobaki nilibeba kisu na kishikwambi mfuko mmoja, nikiogopa kila siku kwamba kimoja kitakwaruza kingine, na ndivyo ilivyokuwa. Kioo kilipata mchirizi pembeni. Kwenye hati ya makabidhiano imeandikwa "uchakavu wa kawaida." Sasa mmejua.

Siku ya kukabidhi, kijana wa mitambo alinipa kishikwambi nifute alama ya kidole changu na majina yangu. Kikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, nikasaini, nikatoka nje, na kwenye ngazi za ofisi nikagundua kwamba mabega yangu yameshuka. Sikuwa najua kwamba yalikuwa yamepanda. Kwa miaka thelathini na kitu, kila mara mvua ilipozidi au ilipokataa, nilijiuliza ni shamba la nani nimeshauri vibaya. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha na nikaiacha inyeshe.

Sasa niko Lundo. Zuhura amenitumia kishikwambi changu mwenyewe, kidogo, cha rangi ya samawati. Nakuza herufi mpaka ziwe kubwa kama za kibao cha zahanati, nasoma bila miwani. Ijumaa napiga simu ya picha kwa dada yangu Kondoa. Yeye huiweka simu sikioni kama zamani, kwa hiyo tunaongea nusu saa na mimi naangalia sikio lake. Sijamwambia. Ni sikio zuri, nalikumbuka tangu utoto.

Wiki iliyopita jirani yangu, Bi Anjela, anayeanika usipa, dagaa wa ziwa letu, alikuja asubuhi na jani la muhogo lililokunjamana.

"Mama Zuhura, wewe si ulikuwa bibi shamba?"

"Nilikuwa."

"Basi njoo uone."

Tukaenda. Ilikuwa batobato, haikuhitaji kuulizwa mara mbili. Nilimwonyesha mashina ya kung'oa na ya kuacha, na namna ya kuchagua pingili za kupanda msimu ujao, kutoka kwa mama gani wa kijiji aziombe. Ilichukua muda, tukiwa tumechuchumaa kati ya mihogo, udongo wa mchanga ukiingia kwenye makubazi. Tulipomaliza, akaanza kuzungusha macho kwa wasiwasi.

"Na jina langu unaliandika wapi?"

"Siliandiki."

"Hakuna pa kusaini?"

"Hakuna, mdogo wangu."

Kisha akafunua kanga yake, akaitandika chini kivulini mwa mihogo iliyokuwa mizima.

"Kama hakuna," akasema, "basi kaa."

Nikakaa.